Barabara ya Ziwa: Kutoka Goma hadi Bukavu kwa Magurudumu Mawili

Barabara inayofuata ukingo wa magharibi wa Ziwa Kivu huanzia Goma, mji mkuu wa Kivu Kaskazini, na kuishia Bukavu, mji mkuu wa Kivu Kusini, mwendo wa kilomita 200 hivi. Kwa upande wa Goma, chanzo chake ni mitaa iliyobanana karibu na mpaka wa Rwanda, Mapendo ukiwa mmojawapo, ambako mzigo hutuliwa kutoka kichwani, hufungwa juu ya chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili, na kuelekezwa magharibi. Kutoka hapo njia hupita Mugunga, Sake, Kirotshe, Shasha, Bweremana, Minova, Nyabibwe, Kalehe, Katana na Kavumu. Mkono wa kushoto ni maji. Mkono wa kulia ni migomba na mibuni inayopanda milima ya Mitumba. Ni vigumu kuitaja njia nyingine ya Kongo inayokusanya mambo mengi kiasi hicho katika mwendo mfupi: ziwa, volkano, vijiji vinavyokamua pombe ya ndizi, miji iliyozaliwa na ugomvi wa mipaka. Lakini hakuna aliyeitengeneza kwa ajili ya kutalii. Ilitengenezwa na mizigo, na anayetaka kuijua historia yake hana budi kuifuata mizigo hiyo.

Ziwa lenyewe liko mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari, na kina chake hufika karibu mita 485. Zamani maji ya bonde hili yalitiririka kaskazini. Volkano za Virunga zilipoinuka ziliziba bonde, maji yakajaa nyuma ya ukuta huo wa mawe, hatimaye yakapata njia mpya kusini kupitia mto Ruzizi hadi Ziwa Tanganyika. Chini kabisa ya ziwa kumelala gesi nyingi ya kaboni dayoksaidi na methani. Nchi kavu, kati ya Goma na Sake, gesi hiyo ya kwanza hutoka ardhini na kutuama katika mabonde madogo. Wenyeji huyaita mazuku, na kila mchungaji wa upande huo hufundishwa tangu utotoni asiingie kwenye shimo lenye nyasi asubuhi kabla upepo haujavuma, kwa sababu mbuzi, mbwa na watu wamekufa humo bila kusikia harufu yoyote. Hivyo hata sehemu tambarare ya safari, ambayo mgeni angeiona kuwa nyepesi kuliko zote, ina mambo ya kujua kabla ya kukaa chini kupumzika.

Kabla ya barabara kulikuwa na biashara, na kabla ya magurudumu kulikuwa na mitumbwi. Katika karne ya 19 Wahavu wa Kalehe na wa kisiwa cha Idjwi, Watembo wa milimani, Wahunde wa upande wa Masisi, Washi wa kusini na watu wa Kinyaga upande wa Rwanda walikutana katika masoko ya pwani ya ziwa. Kilichounganisha masoko hayo kilikuwa butega, vikuku vilivyosukwa kwa nyuzi za mimea ya msituni. Watembo walivitengeneza nyuma ya milima, Wahavu wakavishusha ziwani, na mitumbwi ikavivusha hadi ng'ambo, ambako wanawake walivivaa miguuni. Vilipokwisha kuzoeleka vikawa kipimo cha thamani: mbuzi, majembe, maharage, chumvi, vyote viliweza kuhesabiwa kwa vifungu vya butega. Yafaa jambo hili likumbukwe vizuri, kwa maana vitabu vya shule vimezoea kuianza historia ya Kivu pale Mzungu alipoliona ziwa. Mtandao wa masoko ulikuwepo tayari, wenye fedha yake, wachukuzi wake na kanuni zake za kukopeshana, na vituo vyake kadhaa ndivyo vilivyokuja baadaye kuwa vituo vya barabara.

Ziwa lilikuwa pia njia ya vita. Mfalme Rwabugiri wa Rwanda alilivuka mara kwa mara na majeshi yake, akakiteka Idjwi na kuisumbua nchi ya Bushi kwa miaka mingi bila kuitiisha kabisa. Mauti yalimkuta mwaka 1895 akiwa katika safari nyingine ya kijeshi upande huohuo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Juni 1894, Mjerumani Gustav Adolf von Götzen alikuwa amefika ufukoni akitokea pwani ya Bahari ya Hindi, akapanda volkano ya Nyiragongo, kisha akaendelea magharibi hadi Atlantiki. Baada yake walifuata wapima ardhi na askari wa mataifa mawili, kila mmoja akiwa na ramani yake.

Ramani hizo hazikupatana. Wajerumani walitawala Rwanda, na Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliidai Kongo kama mali yake, lakini mstari uliochorwa Ulaya ulipitishwa mahali ambapo hakuna mchoraji aliyewahi kupakanyaga. Kwa miaka kadhaa ukingo wa ziwa ulikuwa na kambi zilizotazamana, Gisenyi kwa upande mmoja na Goma kwa upande wa pili. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1910 ulimaliza shauri: Gisenyi ikabaki kwa Wajerumani, Goma na Idjwi zikawa za Wabelgiji. Masoko yaliyokuwa mamoja yakagawanywa na kizuizi, na watu wa ukoo mmoja wakawa raia wa dola mbili. Septemba 1914 Wajerumani walikinyakua Idjwi. Mwaka 1916 majeshi ya Kongo ya Kibelgiji, ambayo askari wake wengi walikuwa Waafrika, yalivuka mpaka na kuingia Rwanda. Wachukuzi waliobeba risasi na unga wa majeshi hayo katika milima ya Kivu hawana mnara popote kwenye njia hii.

Upande wa pili wa ziwa, kusini, palikuwa pamekwisha kuanzishwa kituo tangu 1901, kwenye rasi tano zinazoingia majini kama vidole vya mkono. Mwaka 1927 Wabelgiji walikiita Costermansville kwa heshima ya ofisa wao Paul Costermans, na miaka michache baadaye kikawa makao makuu ya jimbo. Jina la Bukavu lilirudi rasmi katikati ya miaka ya 1950. Nyumba za ghorofa zenye kona za mviringo na mabaraza yanayotazama maji, zilizojengwa kati ya miaka ya 1930 na 1950, bado zinaonekana katika barabara kuu ya mji na kwenye rasi. Zilijengwa kwa ajili ya walowezi. Watu wa mji walikaa Kadutu, juu ya mteremko, na mgawanyo huo wa kale unaonekana mpaka leo kwa yeyote anayetazama Bukavu kutoka ziwani.

Walowezi hao ndio walioihitaji barabara. Mwaka 1928 ilianzishwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyojulikana kwa ufupi kama CNKi, ikapewa mamlaka juu ya eneo kubwa la ardhi ili iwagawie Wazungu mashamba. Mashamba ya kahawa, kwinini, pareto na baadaye chai yakaenea kwenye miteremko ya Kalehe, Kabare na Masisi. Wenyeji walipoteza malisho na mashamba, kisha wakatakiwa kufanya kazi katika ardhi ileile. Pale ambapo nguvukazi haikutosha, utawala ulileta maelfu ya familia kutoka Rwanda kuanzia 1937, hasa upande wa Masisi, uhamisho ambao matatizo yake ya ardhi hayajakwisha. Barabara ilichongwa kwa majembe na sururu katika mawe ya lava na katika kuta za milima, ili kahawa ifike bandarini Goma au Bukavu. Kwenye sehemu nyingi upana wake ulitosha lori moja tu. Upande wa kusini wa njia, Lwiro, Wabelgiji walijenga taasisi ya utafiti iliyoanzishwa mwaka 1947, yenye kumbi za matofali, maktaba na bustani; ipo hadi leo kama Kituo cha Utafiti wa Sayansi Asilia, na ni mojawapo ya majengo mazuri kuliko yote ya mashariki ya Kongo. Juu yake kuna Hifadhi ya Kahuzi-Biega, iliyotangazwa mwaka 1970 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1980.

Kahawa ilikuwa zao la kuuzwa nje, na waliolima hawakuinywa. Kinywaji cha njia hii ni kasiksi. Afrika Mashariki ina divai ya zabibu kule Dodoma, kwenye ukame. Ukingo wa Kivu una mvua nyingi na udongo wa volkano, na huku divai hukamuliwa kutoka kwenye migomba. Kila kijiji kati ya Sake na Kavumu kina watu wanaojulikana kwa kasiksi yao, na anayesafiri kwa baiskeli huipata harufu yake kabla ya kuziona nyumba.

Kazi huanza shambani, kwa kuchagua. Kuna ndizi za kupika, ndizi za kula zikiiva, na ndizi za pombe, ambazo zikiwa mbichi zina utomvu mkali na hakuna anayezitamani. Mikungu hukatwa ikiwa imekomaa lakini bado ni ya kijani. Huchimbwa shimo, likatandikwa majani ya mgomba, likapashwa joto kwa moto, kisha ndizi zikapangwa ndani na kufunikwa kwa majani na udongo. Wengine huzitundika juu ya jiko, moshi ukafanya kazi hiyohiyo. Baada ya siku chache huwa zimeiva sawasawa zote kwa pamoja, na hapo ndipo ujuzi ulipo: zikitolewa mapema hazitoi maji, zikichelewa huwa uji. Humenywa na kutiwa katika hori refu la mbao lililochongwa kutoka gogo moja. Huchanganywa na nyasi ngumu, zikakandwa kwa mikono au kukanyagwa kwa miguu, nyasi zikishika nyama ya ndizi na kuacha maji yatoke. Maji hayo matamu, kabla hayajachacha, ni mutobe, kinywaji cha watoto, wagonjwa na wale ambao dini yao imewakataza pombe. Yanayobaki huongezwa maji kidogo na unga wa mtama uliokaangwa, hufunikwa kwa majani, na kuachwa mahali penye joto. Siku ya pili au ya tatu huwa kasiksi.

Haiwekwi muda mrefu. Kasiksi ya siku ya tano ni siki, na jambo hili moja limeamua mambo mengi ya biashara yake. Haiwezi kusubiri lori la juma lijalo. Lazima iondoke kijijini alfajiri katika mabido, yaani madumu, ya lita 20, ifike sokoni au kwenye kibanda cha mwuzaji siku hiyohiyo, na iishe. Bia ya chupa ilipoenea mijini ilikuwa na faida hiyo ya kudumu, pamoja na heshima ya kuwa kitu cha kizungu, na kwa muda kasiksi ilionekana kuwa pombe ya wasio na uwezo. Haikutoweka. Katika Bushi na Buhavu posa haizungumzwi bila kibuyu, wala wazee hawaitwi kuamua ugomvi wa shamba wakiwa na koo kavu. Mwenye kibuyu huonja kwanza mbele ya wageni, ili waone haina sumu, kisha hukizungusha.

Ikumbukwe pia kwamba kasiksi ni mapato. Mume hukata mikungu na kukamua. Katika nyumba nyingi ni mke anayeuza, na fedha hiyo ndiyo inayolipa ada za shule. Ndiyo maana ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoonekana Masisi mwaka 2001, pigo lake halikuwa la chakula pekee. Bakteria wa ugonjwa huo husambazwa na wadudu wanaotembelea maua ya mgomba, na pia na panga lisilosafishwa linalotoka shina hadi shina. Jani hunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati na kuoza ndani. Aina kadhaa za ndizi za pombe ndizo zilizoshikwa vibaya zaidi. Wataalamu walihimiza kukata ua la dume kwa kijiti chenye panda, kuunguza panga motoni na kung'oa mashina yaliyougua, na wakulima waliofuata waliokoa sehemu ya mashamba yao. Ugonjwa ulishuka hata hivyo kuelekea ziwani, na miteremko mingine ambayo zamani ilikuwa migomba mitupu leo imepandwa mihogo na maharage.

Magurudumu mawili ya kwanza kubeba kasiksi yalikuwa ya baiskeli, ambayo watu wa Kivu huiita kinga. Wakati wa ukoloni ilikuwa mali ya karani, katekista na mwalimu. Baada ya uhuru ilishuka daraja na kupanda thamani: iliacha kuwa kitu cha kujionyesha ikawa chombo cha kazi. Kwenye sehemu tambarare ya kusini, kati ya Katana na Bukavu, inafaa sana. Mwendeshaji hufunga bido mbili au tatu nyuma, gunia la makala, yaani makaa, juu yake, na kwenye mlima hushuka na kusukuma, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine nyuma ya mzigo. Anachokifanya ni kazi ya punda, na aliyewahi kumwona mtu akipandisha kilo mia moja za makala kuelekea Bukavu jua likiwaka hatathubutu kuiita safari hiyo matembezi.

Kaskazini, kwenye mawe ya lava, kinga ya kiwandani haidumu. Vyuma vyake hupinda, matairi hutoboka, na vipuri ni ghali. Hapo ndipo chukudu ilipozaliwa. Ni chombo cha mbao chote: ubao mrefu wa kubebea mzigo, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira wa tairi kuukuu, na usukani wenye pembe mbili pana mfano wa ng'ombe wa Ankole. Hakuna kanyagio wala mnyororo. Kwenye tambarare mwendeshaji huweka goti moja kwenye kipande cha mpira au godoro kilichopigiliwa ubaoni na kujisukuma kwa mguu mwingine. Kwenye mteremko hupanda juu na kuachia. Kwenye mlima husukuma, mara nyingi na vijana wawili wakisaidia nyuma. Breki ni kipande cha mpira kinachokandamizwa kwa kisigino kwenye gurudumu la nyuma.

Wenyeji huiweka asili ya chukudu katika miaka ya 1970, zama ambapo Kongo ilikuwa ikiitwa Zaire chini ya Mobutu. Wakati huo uchumi ulikuwa umeanza kuporomoka, hasa baada ya mashamba na maduka ya wageni kugawiwa wenye vyeo kuanzia Novemba 1973, na malori yakapungua barabarani. Aliyekuwa na shoka, mbao za mkaratusi na misumari hakuhitaji kumngoja mtu. Mafundi walijifunza ni mti upi unafaa kwa fremu na upi kwa gurudumu, wakaongeza bearingi zilizotolewa kwenye magari yaliyokufa, wakaurefusha ubao kadiri mizigo ilivyoongezeka. Chukudu kubwa hubeba kilo mia kadhaa, nayo huishi miaka miwili au mitatu kabla haijachoka. Safari yake maarufu kuliko zote ni ile ya Kibumba, kijiji kilicho juu kaskazini mwa Goma: kabichi, viazi, karoti na makala hushuka mteremko mrefu hadi sokoni asubuhi, na jioni chombo hurudishwa juu kwa miguu au kwa kupakiwa kwenye lori. Familia nyingi zimejenga nyumba na kuoza watoto kwa kazi hiyo. Mwaka 2009 sanamu ya rangi ya dhahabu ya mwendesha chukudu ilizinduliwa katika mzunguko wa barabara mjini Goma, na ni sanamu inayostahili pale iliposimama: miji mingi ya Afrika imewapa majenerali mahali pa namna hiyo, Goma ikampa mchukuzi.

Barabara ya ziwa imekatwa mara nyingi, na kila mara kwa sababu mojawapo ya tatu: lava, maji, au bunduki. Kati ya 1938 na 1940 volkano ya Nyamulagira ilimwaga lava iliyoshuka hadi ziwani karibu na Sake, ikaifunika njia na karibu kuitenga ghuba ya Kabuno na ziwa kuu. Nyiragongo ilipasuka Januari 1977, ziwa lake la lava likashuka kwa kasi kubwa na kuua watu vijijini. Tarehe 17 Januari 2002 iligawanya Goma yenyewe: lava ilipita katikati ya mji, kupitia mtaa wa Birere na maduka ya kati, ikateketeza kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu na kuingia ziwani. Zaidi ya watu laki moja walibaki bila makao. Nyumba zilijengwa upya juu ya lava, nyingi kwa mbao, juu ya misingi ya mawe yaleyale yaliyoleta maafa. Mei 2021 volkano ilipasuka tena. Lava ilisimama kabla ya kufika katikati ya mji, lakini siku chache baadaye, kwa hofu ya mlipuko chini ya ziwa, serikali iliamuru sehemu kubwa ya Goma ihame. Laki kadhaa za watu waliondoka, wengi wao kwa miguu kuelekea Sake na Minova, magodoro yakiwa juu ya chukudu.

Msafara mkubwa zaidi ulikuwa umepita miaka 27 kabla ya huo. Julai 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda, karibu watu milioni moja walivuka mpaka kuingia Goma katika siku chache, wakiwemo raia waliokimbia na waliotenda mauaji. Kipindupindu kiliua makumi ya maelfu kwa majuma machache, na ardhi ya lava ilikuwa ngumu mno kuchimbika makaburi. Kambi ya Mugunga ilikaa kwenye barabara hii ya ziwa kwa zaidi ya miaka miwili. Miti ya pembeni ikaisha kwa kuni. Vita vya 1996 vilipoanza, Bukavu ilitekwa mwishoni mwa Oktoba, na askofu mkuu wake Christophe Munzihirwa, aliyekuwa ameomba dunia iwalinde raia wote bila ubaguzi, aliuawa tarehe 29 mwezi huo. Mnamo Novemba kambi ya Mugunga ilivunjwa, na laki kadhaa za wakimbizi wakaifuata barabara kurudi mashariki.

Biashara ya kahawa iliharibika katika miaka hiyohiyo. Vituo vya kuoshea vilikuwa vimeachwa, wanunuzi wamekwenda, kodi za kila kizuizi cha barabarani zinameza faida. Wakulima wa Minova na Idjwi walipakia kahawa yao usiku katika mitumbwi na kuivusha Rwanda kwa magendo, kuibadilisha na chumvi, sabuni na nguo. Dhoruba za Kivu ni za ghafla; wengi walizama, na vijiji vya ufukoni vina wajane wa kahawa. Mwaka 2003 Joachim Munganga, mkulima wa Minova, alianzisha ushirika wa SOPACDI, uliofufua kituo cha kuoshea kahawa na kuanza kuuza ng'ambo moja kwa moja chini ya jina la Kivu. Ushirika uliwashirikisha pia wajane hao, na vyama vingine vya wakulima vikafuata mfano huo kwenye miteremko ya Kalehe na Idjwi. Kazi hiyo ilifanyika vita vikiendelea milimani, jambo linaloonyesha jinsi wakulima hawa walivyo wagumu wa kukata tamaa.

Ziwa limekuwa njia ya akiba kila barabara ilipofungwa. Meli za usiku kati ya Goma na Bukavu, maboti ya mwendo wa kasi yanayotumia saa chache, na mabwato ya mbao yanayopakia ndizi, makala na abiria pamoja, ndiyo yaliyoendeleza miji yote miwili. Ziwa hulisha pia. Sambaza, dagaa wa Ziwa Tanganyika, walimwagwa humu mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa sababu maji ya katikati hayakuwa na samaki wa kuvuliwa; leo huvuliwa usiku kwa taa na mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja, na wakikaangwa ndio kitoweo kinachopendwa zaidi kando ya kasiksi.

Njia ya maji ina gharama yake. Mwanzoni mwa mwaka 2024 waasi wa M23 waliikata barabara karibu na Shasha, na wafanyabiashara wa Minova wakabaki na ziwa pekee. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo bwato Merdi, lililojaa kupita kiasi, lilipinduka mbele ya bandari ndogo ya Kituku, watu wa Goma wakiwa ufukoni wanatazama. Makumi ya abiria walikufa. Nchi kavu nako hakukuwa salama: huko Kalehe, mwaka uliotangulia, mvua ya tarehe 4 Mei ilikuwa imeshusha matope na mawe juu ya Bushushu na Nyamukubi, siku ya soko ilipokuwa imekusanya watu, na zaidi ya watu 400 walizikwa. Januari 2025 Minova, Sake na Goma zilitekwa na M23, moja baada ya nyingine. Bukavu ilifuata Februari.

Ukingo wa mashariki wa ziwa umepata historia tofauti. Gisenyi ilijengewa kiwanda cha bia mwaka 1957, na kuanzia 1963 matanuri yake yalipata methani iliyovutwa kutoka chini ya ziwa. Miaka ya 2010 Rwanda ilitengeneza njia ya kilomita 227 kwa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli, kutoka Rubavu hadi Rusizi, ikipita vituo vya kahawa, vijiji vya wavuvi na Kibuye, ambako kanisa juu ya rasi ni ukumbusho wa waliouawa ndani yake mwaka 1994. Iliitwa kwa jina la mgongo wa milima unaotenganisha maji ya Kongo na ya Nili. Wageni huikamilisha kwa baiskeli katika siku tano hivi, wakilala katika nyumba za wageni zilizofunguliwa kwa ajili yao. Milima, migomba na maji ni yaleyale ya ng'ambo. Tofauti ni kwamba hapa lami, usalama na vibao vya njia vilipatikana kwa wakati mmoja. Mashindano ya baiskeli ya Rwanda, yaliyoanza mwaka 1988, hupita mara kwa mara upande huo. Kongo nayo ilianzisha mashindano yake ya kimataifa mwaka 2013, na Goma ina vijana wanaojifunza mbio katika klabu ya mji, wakifanya mazoezi asubuhi kwenye lami iliyopo kabla malori na chukudu hazijaijaza. Februari 2025, majuma machache baada ya Goma kutekwa, timu moja kubwa ya Ulaya ilijitoa katika mashindano ya Rwanda kwa kuhofia usalama. Nyingine zilifika Rubavu, kilomita chache tu kutoka mpakani, na kesho yake zikaondoka kuelekea kusini, kwa barabara ya ziwa ya upande huo, hadi Karongi.